Uzi wa Mafundo Mawili

Kipawa, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Dada yangu Hamdiya,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiondoa mafua ya mama Afrah na hizi ndege zinazopita juu ya bati letu kila saa, kiasi kwamba mteja akiniuliza bei ya ndoo namjibu kwa vidole. Mwanangu Aiman amepata kazi ya ukarani bandarini. Siku hizi anavaa tai na hataki tena kunisaidia kupanga kamba dukani. Wewe hali yako? Na kuku wako?

Nakuandikia kwa sababu ukipokea simu unaweka spika, na ukiweka spika Pangani nzima inachangia mazungumzo. Habari hii nataka uipate wewe kwanza. Afrah ameposwa! Kijana anaitwa Jawad, mtoto wa watu wa Kinondoni, mhasibu, anaswali, hana makuu. Ndoa tumeipanga Ijumaa ya tarehe 25 Aprili, Idi ikiwa imeshapita. Mama yake kijana, Bi Abrar, ni mtu wa heshima zake, ila alipokuja kwetu alitazama kuta, akatazama dari, halafu akaniuliza, "Na gari lenu mnaegesha wapi?" Nikamjibu lipo kwa fundi. Wewe unajua kwamba tangu nizaliwe sijawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki mbili.

Basi nimeamua kununua. Pesa niliyoweka ingenipatia kigari kidogo cha Kijapani kisicho na maneno, lakini dalali mmoja ameniambia kwa pesa hiyohiyo naweza kupata gari la Kijerumani lililokuwa likibeba wakurugenzi. Limetumika, ndiyo, lakini lina hadhi. Nataka binti yangu atoke nyumbani kwao ndani ya gari la baba yake.

Hata hivyo gari si kitu, kitu ni wewe. Tangu enzi za bibi yetu, binti wa nyumba hii havuki kizingiti mpaka shangazi yake amfukize udi na kumshika mkono wa kulia. Wewe ulishikwa, marehemu dada Zuhura alishikwa. Afrah ana shangazi mmoja tu duniani. Sema lini unakuja.

Nduguyo,
Thuwaini


Pangani
21 Januari 2025

Mdogo wangu Thuwaini,

Marahaba. Barua yako nimeletewa na Sadallah, kondakta wa basi, ikiwa na doa la mafuta ya samaki lakini maneno yote yanasomeka. Nilipofika kwenye posa ya Afrah nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, mpaka Naima, mpangaji wangu wa chumba cha uani, akaja mbio akidhani nimeungua. Mwambie mwanangu shangazi yake amefurahi kuliko anavyojua kuandika. Mama Afrah anywe tangawizi.

Sasa hilo gari. Marehemu mume wangu aliendesha malori ya mkonge miaka ishirini na sita, na muda wote huo mie nililala na harufu ya girisi, kwa hiyo nisikilize. Gari lililotumika haliendewi mchana. Nenda alfajiri kabla mwenyewe hajaliwasha, uwepo pale linapoamka. Mchana kila gari ni zima, kama mgonjwa aliyetembelewa na wageni. Shika boneti. Ukikuta ya moto, ujue wamekuwahi. Na nenda na fundi, usiende na macho yako matupu. Macho yako umerithi kwa Baba, na Baba alijua vitambaa, injini hakuijua. Tena ukumbuke kwamba gari la mkurugenzi likishuka bei, vipuri vyake havishuki nalo.

Kuhusu kuja, tutaona. Nina kuku anaatamia mayai kumi na mawili na hapendi kuachwa na mtu asiyemzoea.

Nduguyo mkubwa,
Hamdiya


Kipawa
8 Februari 2025

Dada Hamdiya,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mafua yamehamia kwangu. Barua yako imenifikia juzi Alhamisi. Sadallah anasema aliisahau kwenye mfuko wa koti, na koti hulivaa siku za mvua tu. Yote uliyoyaandika ni kweli tupu na nakushukuru, ila gari nilikuwa nimelilipia Jumanne.

Usikasirike kwanza, soma. Nimelipata kwenye yadi moja huko Kinondoni. Jeusi, namba za usajili za D, si za zamani, na viti vya ngozi vyenye rangi ya chai ya maziwa. Nililikagua mwenyewe kama Baba alivyokuwa akikagua majora dukani kwake. Nilifumba macho, nikapitisha kidole gumba juu ya ngozi, nikavuta mshono, nikanusa. Hakuna uzi uliolegea! Dalali akaniambia tangu aanze kazi hajaona mteja mjuzi kama mie. Muungwana sana yule bwana. Alikuwa ameliwasha kabla sijafika ili kiyoyozi kinipoze.

Na urefu wake, Dada! Limesimama kama nyumba. Kupanda kwenyewe unapandia kidaraja cha pembeni chenye taa, halafu unajivuta juu kwa mpini. Twalib wa duka la jirani alilizunguka mara tatu bila kusema kitu, na Twalib kunyamaza si kawaida yake. Halina kasoro yoyote kubwa.

Nitakufuata nalo mwenyewe. Utapanda juu kule, utaketi, na kutoka Pangani mpaka Kipawa utawatazama watu utosini. Na huyo kuku wako, mie nimekua na kuku pia. Anaatamia siku ishirini na moja, haatamii mpaka Aprili.

Nduguyo,
Thuwaini


Pangani
20 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Vifaranga wametoka tisa. Naima anakusalimu, ndiye anayenipelekea barua stendi na kunifanyia manunuzi sokoni siku hizi.

Hongera kwa gari. Nimesoma habari za kile kidaraja.

Aprili sitaweza. Paa la nyumba linavuja na mafundi wameniahidi kuja wakati huohuo, na unajua fundi wa paa ukimkosa siku yake humpati tena. Nimempa Sadallah chetezo cha bibi cha kufukizia udi, kimefungwa kwenye kanga. Dada yake mama Afrah ana mkono mzuri, amshike mtoto yeye. Ninyi mtakuwa na harusi nzuri tu.

Umeandika "halina kasoro yoyote kubwa." Baba alipokuwa na kitambaa chenye tundu alikuwa akimwambia mteja maneno hayohayo.

Hamdiya


Kipawa
10 Machi 2025

Dada Hamdiya,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Tunafunga wote, hata Aiman na tai yake. Leo habari za nyumbani sina nyingi kwa sababu nimekasirika, na mtu aliyekasirika akiandika salamu ndefu anadanganya.

Chetezo kimefika. Sikukifungua. Nimekiweka juu ya kabati kikiwa ndani ya kanga yako vilevile, na Afrah alipokiona alielewa bila kuambiwa. Akaingia chumbani. Dada, paa? Wewe uliyetembea kutoka Boza mpaka mjini na mvua ya masika ili unipeleke shule, leo unashindwa kuja kumtoa mwanangu kwa sababu ya fundi wa paa? Kama nimekukosea niambie. Kama ni mama Afrah niambie. Nimelala na swali hili wiki nzima.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi naanza mie. Gari lina kasoro. Lina kasoro kubwa.

Halina shokapu za kawaida, lina shokapu za upepo, yaani mifuko ya mpira inayojazwa hewa na pampu. Mifuko hiyo imechoka. Ukiliwasha linasimama kama nyumba, kama nilivyokuandikia. Ukilizima linatoa pumzi taratibu, linashuka, linashuka, mpaka tumbo linakaribia kugusa mchanga. Asubuhi ya kwanza nilidhani nimeibiwa matairi! Februari lilikuwa likichukua usiku mzima kulala. Sasa linachukua nusu saa. Ndiyo maana yule dalali aliliwasha kabla sijafika. Ulisema nishike boneti, na mie nilikuwa nashika viti.

Twalib siku hizi haachi kusema. Jana watu wakitoka msikitini alisimama barabarani akasema kwa sauti, "Mzee Thuwaini, gari lako lina dini kuliko mwenyewe, limesujudu tangu adhuhuri!" Watu walicheka mpaka wakakaribia kufungua swaumu zao. Nimelipeleka kwa fundi Adelard kule Kinyerezi, Mhaya mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Alilala chini yake, akatoka, akanawa mikono, akaniambia, "Mzee, hiyo mifuko minne ni nusu ya bei uliyonunulia gari." Nikamwambia nitarudi.

Yangu nimeyasema yote, na aibu nimeimeza. Sasa sema yako.

Thuwaini


Pangani
24 Machi 2025

Thuwaini mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilicheka mpaka Naima akaniletea maji ya kunawa uso. Ya pili nililia. Ya tatu nilitazama tena kama kweli umeandika "limesujudu," na ya nne nikachukua kalamu.

Paa ni zima. Hujanikosea, wala mama Afrah hajanikosea. Mbovu ni magoti yangu.

Yalianza mwaka juzi. Daktari anasema yameisha mafuta, kama chuma. Barazani natembea na mkongojo, chooni nafika, swala naswali kwenye kiti. Lakini kukanyaga juu siwezi. Mguu wangu wa kulia unanyanyuka shibiri moja tu, basi. Novemba nilitaka kuja kwenu ghafla niwashangaze, nikaenda stendi na kikapu changu cha maembe ya kukausha. Ngazi ya kwanza ya basi ikanishinda. Watu nyuma wanasukuma, konda anapiga bodi, mwisho wanaume wawili wakanibeba, mmoja kwapani, mmoja mapajani, wakanirusha ndani kama robota la mkonge. Buibui likapanda. Watu wa stendi yote walinitazama, na nusu yao niliwafundisha kusoma. Nikashuka palepale kwa namna ileile niliyopandishwa, nikarudi nyumbani, nikaapa sitabebwa tena. Sadallah alikuwapo. Nilimlisha kiapo asikwambie, na nadhani ndiyo maana barua zako anazisahau, ana haya.

Ulipoandika nitapanda kidaraja na kujivuta kwa mpini, niliona stendi ile tena, safari hii mbele ya Bi Abrar. Ndipo nikatoa chetezo. Unafikiri sikutaka? Nimeota namshika mkono mtoto yule tangu siku aliyopewa jina. Kukifunga kile chetezo kwenye kanga kulinichukua asubuhi nzima.

Sasa nijibu jambo moja, na ujibu kama mfanyabiashara. Likilala, linalala kiasi gani?

Ndani ya bahasha kuna uzi wa mkonge wenye mafundo mawili. Usimamishe kutoka ardhini. Fundo la chini ni pale mguu wangu unapofika. Fundo la juu ni urefu wa kitanda changu, ndipo ninapoweza kuketi na kuinuka mwenyewe bila mtu kunishika. Pima kwa uzi. Macho yako usiyatumie.

Hamdiya


Kipawa
4 Aprili 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi mubaraka ingawa imepita. Uzi umefika, na Sadallah ameuleta siku ileile, mkononi, mpaka mlangoni. Akasema, "Mzee, nisamehe," akakimbia.

Kwanza nikugombeze. Miezi yote hii unaumwa na unaniandikia habari za kuku? Mie nimelia dukani mbele ya mteja aliyekuja kununua ndoo, mpaka akanipunguzia usumbufu wa kumpunguzia bei. Usinifanyie hivi tena. Imetosha, sitalirudia.

Sasa vipimo. Nilizima gari mbele ya duka, mie, Aiman na Adelard tukaketi kwenye ndoo tulizozigeuza tukalingoja lilale. Lilipotoa pumzi ya mwisho nikasimamisha uzi mlangoni. Kiti cha nyuma kimegusa fundo la juu sawasawa, utadhani fundi alikipima kwako! Sakafu imezidi fundo la chini vidole viwili. Aiman akavua tai akasema haidhuru, tutaliegesha kando ya baraza yako, ukikanyagia ile ngazi ya chini ya baraza, vidole viwili vinakwisha. Yule mtoto ana akili, amechukua kwenu wanawake.

Adelard alikuwa ameshapata mifuko miwili ya mitumba kwa bei nzuri, anataka kuifunga. Nikamwambia, "Fundi, ukiligusa gari hili kabla ya harusi, mie na wewe basi." Akanitazama sana. Nilipomweleza, akakubali kuja nasi Pangani kwa usalama. Anasema likiwa linatembea pampu inajaza hewa na halina taabu, shida yake ni kusimama tu.

Tutafika Jumatano tarehe 23. Litalala mlangoni kwako. Alhamisi asubuhi utatoka kitandani utaketi kwenye gari, kimo kilekile, na hakuna atakayekugusa. Chetezo bado kipo juu ya kabati, sijakifungua. Hicho utakifungua wewe.

Nduguyo,
Thuwaini


Pangani
9 Mei 2025

Mdogo wangu Thuwaini,

Marahaba, na mama Afrah mwambie shikamoo yake nimeipokea, hata kama alisahau kukupa uniletee. Nimefika salama kama ulivyoona, vifaranga wamebaki saba, na Naima amenivunjia birika lakini nimemsamehe kwa jinsi alivyonishughulikia kabla ya safari. Harusi imekwisha, pilau imekwisha, sasa nikusimulie usiyoyaona, maana wewe ulikuwa unakimbizana na wapishi.

Alhamisi tulipofika Kipawa ulizima gari ukaruka, ukasema, "Dada, subiri nusu saa," ukaingia jikoni. Nusu saa, Thuwaini! Na nyumba ilikuwa imejaa, maana watu wa Kinondoni ndio kwanza walikuwa wameleta begi la bibi harusi. Nikabaki mwenyewe kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa, gari linashuka polepole kama mtu anayekaa kitako akishika kiuno. Nikasema moyoni, leo naumbuka.

Aiman akaja na kahawa kwenye sinia, akanipa dirishani. Halafu akaja mama mmoja akanisalimia, akaondoka. Akaja wa pili. Wa tatu akanibusu mkono. Kabla sijamaliza kikombe, wanawake walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye duka la Twalib, wote wakidhani ndivyo shangazi wa kutoka Pangani anavyopokewa, kwamba hashuki mpaka asalimiwe na wote! Nikawaacha wadhani. Aliyefunga mstari alikuwa Bi Abrar mwenyewe. Wakati ananiinamia, gari likatoa ile pumzi yake ya mwisho, pfff, likatua. Aiman akafungua mlango, nikaweka mguu chini, nikainuka peke yangu. Bi Abrar akamnong'oneza mwanawe, "Uliza hicho kitu cha kushusha gari kinauzwa wapi, na mie magoti yananisumbua." Nimesikia kwa masikio yangu haya mabovu.

Ijumaa ulimwona Afrah, huna haja nikueleze. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilimfukiza, nikamshika, nikamwambia aanze na mguu wa kulia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi, na wewe twende pamoja." Tukavuka, yeye kwa miguu yake mizima, mie kwa mkongojo.

Jambo moja sikukwambia njiani kwa sababu Adelard alikuwapo. Ile asubuhi ya kutoka hapa Pangani, nilipoketi nawe ukawasha, gari likaanza kuninyanyua. Nilitazama nje dirishani, nikaona baraza yangu inashuka, na Naima anashuka, na majirani waliokuja kushuhudia wanashuka, mie napanda bila mkono wa mtu mwilini mwangu. Nililia, ndiyo maana nilikwambia ni vumbi. Kinachoniuma ni ile miezi miwili niliyokudanganya, ningekwambia mapema ningelia mapema.

Umesema mwezi ujao Adelard atalifungia mifuko mipya. Mwambie asubiri. Aiman bado hajaoa.

Dada yako,
Hamdiya